Kabla Hujaenda kwa Waselti

Oakdale, Agosti

Tata Ombati,

Salamu ndefu sina, maana tumesalimiana asubuhi jikoni, wewe na chai yako, mimi nikitoka shifti, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Sasa umekwenda Frogtown kushinda na Mama Furaha, na mimi nimekaa kwenye meza hii iliyojaa soksi zako. Ndege ni kesho. Tangu tugombane Jumapili husemi tena kama utaipanda au hutaipanda. Mimi nataka uipande, na nina neno la kukuambia ambalo nikilisema kwa mdomo tutagombana kabla sijafika katikati. Ndiyo maana naandika.

Naandika kwa Kiswahili. Kikisii hukukipata, isipokuwa neno Tata, baba, ninalokuita kwa kuwa una jina la baba yangu. Hilo la kutokipata ni kosa langu, si lako. Kiingereza changu ni cha kazini, kinajua kumuuliza mzee kama amekunywa dawa na kama amelala vizuri, basi. Kiswahili ulikipata ulipokaa kwa Mama Furaha, kile cha Kongo, na ingawa ukiulizwa unajibu kwa Kiingereza, najua unasikia kila kitu. Soma polepole.

Mambo ya sweta, ya kula vizuri na ya kutafuta kanisa nayaruka. Una miaka ishirini na miwili, umeyasikia hadi yamekutoka puani. Nataka kukuonyesha mahali nilipojikwaa mimi, kwa sababu unakwenda Ireland kusomea watu ambao, kama ningewajua mapema, wangenipunguzia aibu.

Ulipoanza habari za Waselti, hao watu wa kale wa Ulaya, nilidhani ni homa ya utoto. Ulikuwa darasa la saba, bado uko kwa Mama Furaha, na mwalimu alimwambia kila mtoto atengeneze kitu cha kale kwa maonyesho ya historia. Wenzako walijenga piramidi. Wewe ulijenga nyumba ya Waselti. Nilipokuja Jumapili nikakuta ufagio wa Mama umenyolewa kichwa, meza imejaa matope, na katikati kuna nyumba ya msonge ya ukubwa wa sufuria, kuta za vijiti vilivyosukwa na kukandikwa, paa la nyasi za ufagio. Nilishtuka, Tata. Ilikuwa jiko la bibi yangu kule Nyamache, limetua Saint Paul.

Kisha nikaharibu. Nikauliza, "Tundu la moshi liko wapi?" Ukasema kitabu kinasema hakuna tundu, moshi ulikuwa unapenya taratibu kwenye nyasi, na kwamba ukitoboa juu moto unavutwa, paa linawaka. Mimi nikasema nimezaliwa kwenye nyumba kama hii, sitafundishwa na kitabu cha maktaba. Nikachukua kisu cha Mama, nikatoboa. Mama Furaha alikuwa anachambua maharagwe. Akasema bila kuinua kichwa, "Papa Ombati, kwenu munapikaka mu mvua?"

Ulipeleka nyumba yenye tundu, na waliokagua wakaandika kwamba kazi ni nzuri ila paa si sahihi. Jioni hiyo nikampigia shangazi yako simu nyumbani kumuuliza. Alicheka mpaka simu ikakatika. Jiko la bibi halikuwa na tundu hata siku moja. Moshi ulikaa humo humo, nyama ilining'inizwa juu ya moto ikakauka, na sisi tulitoka nje macho mekundu. Mimi nilikumbuka kuwashwa macho, halafu miaka ya huku ikanitobolea tundu kichwani, maana ndivyo ingefaa iwe. Mtu akikaa mbali na kwao huanza kukumbuka kwao kwa namna inayomfaa yeye. Nilikuomba msamaha kwa kukununulia pizza, lakini kusema "nilikosea" sikusema. Basi nilikosea.

Baada ya hapo nilianza kusikiliza. Hukujua, kwa sababu nilikuwa najifanya nasinzia. Ulipokuwa ukieleza jinsi walivyopenda nguo za miraba, na jinsi wapiganaji walivyopaka nywele chokaa zikasimama, na jinsi kwenye karamu shujaa alivyopewa lile paja nono la nguruwe na mwingine akilitaka wanainuka kupigana, nilikuwa nasikia. Kilichonifurahisha zaidi ni ile siagi waliyokuwa wakiizika kwenye matope baridi, imekaa huko maelfu ya miaka hadi mchimba udongo wa kuwashia moto akaigonga kwa sepetu. Hadi leo nikifungua friji usiku kazini naiwaza siagi ile. Sijui kwa nini inanichekesha hivyo.

Jambo jingine ulilolisema lilinikaa. Ulisema Waselti wa zamani hawakupenda kuandika mambo yao ya maana, wazee wao wa dini waliyaweka kichwani na kufundisha kwa mdomo miaka na miaka, na kwa hiyo mengi tunayoyajua juu yao yameandikwa na Wagiriki na Warumi, tena Warumi waliokuwa wakipigana nao. Ukaniambia, "Baba, you have to ask who's telling it." Basi, katika habari za Mama Furaha, kwa miaka mingi Mrumi alikuwa mimi.

Nikuambie tena mwanzo wake, maana wewe ulikuwa mdogo. Ulifika huku una miaka sita. Mama yako tulikuwa tumemzika. Mimi nilikuwa nafanya kazi usiku katika nyumba ya wazee na mchana nasomea uuguzi, na kulala ilikuwa ni jambo la kusimuliwa na wengine. Mama Furaha alikaa ghorofa ya juu yetu, pale pale Frogtown alipo sasa. Alitoka Uvira kupitia kambini, mjane, binti yake Furaha akapelekwa Australia na yeye akaletwa Minnesota, maana wanaogawa wakimbizi wana hesabu zao. Alikusikia ukilia. Akashuka na ndala zake, akabisha, akakubeba. Akaniambia, "Huyu mutoto atalala kwangu. Wewe enda kazi."

Nilidhani ni kwa wiki moja. Kisha kazi ikanihamishia Blaine, ambako bila gari huendi hata dukani, na gari langu lilikuwa la kuombea dua. Ukabaki kwake mpaka unamaliza darasa la nane. Nilikuja Jumapili. Alikufundisha kusali, kufua soksi, kula sombe, kile kisamvu cha kwao, kuwasalimia wakubwa kwa mikono miwili. Nilipojaribu kumpa kitu mwisho wa mwezi alinitazama kama nimemtukana. Na wewe kwa muda mrefu uliniita Papa Ombati kama anavyoniita yeye, na mimi nikacheka mbele za watu, lakini nikifika kwenye gari sikuwa nacheka.

Watu wakiniuliza, nilisema, "Kuna mama mmoja ananiangalizia mtoto." Ndivyo nilivyomwita. Shuleni mwalimu akasema bibi yako alikuja kwenye kikao, nami nikamsahihisha kwa haraka kwamba si bibi, ni jirani. Ulikuwa umesimama hapo hapo. Ulitazama viatu vyako.

Sasa kuhusu mlango wa chumba chako. Najua ulimlalamikia Mama kwamba nasimama mlangoni kama askari, siingii, sikai. Yeye ndiye aliyeniambia. Tata, kwetu mwana akishatahiriwa, baba yake ana mipaka. Haingii anakolala mwanawe, haketi kitandani mwake. Ni heshima, tena ni heshima yako kuliko yangu. Tangu ule mwaka tuliokwenda nyumbani ukatahiriwa, sikuingia. Kosa langu ni kwamba sikukueleza. Nilidhani mambo kama hayo mtoto huyavuta na hewa. Hewa ya Oakdale haina hayo. Wewe ulikaa ndani ya chumba unadhani baba hakupendi, mimi nimesimama nje nadhani nakuheshimu.

Ndipo mwaka jana ukanisomea mezani maneno ya yule Mrumi aliyepigana na Waselti wa Gauli, kwamba kwao ilikuwa aibu mtoto wa kiume ambaye hajafikia umri wa kubeba silaha kuonekana mbele za watu karibu na baba yake. Ulisoma ukicheka, ukanitazama kuona kama nitacheka. Nikasema, "Basi mimi ni Mgauli." Ilikuwa mara ya kwanza tumecheka pamoja juu ya jambo hilo. Ningepaswa kuendelea, nikueleze yote. Nikainuka kuosha vyombo.

Lile ambalo naliona kubwa kuliko yote ni siku niliyokuchukua. Nilikuwa nimepata leseni ya uuguzi, nimepata nyumba hii, nimenunua kitanda. Nilikuwa na haraka ya kuwa baba. Nikaja Frogtown jioni, sikupanda ngazi. Nilipiga honi. Ukashuka na mabegi mawili na ile nyumba ya msonge kifuani, Mama yuko dirishani, nami nikawasha gari. Nilipunga mkono. Hicho ndicho nilichompa mwanamke aliyekulea miaka saba.

Ulikuwa chuo mwaka wa kwanza uliponieleza desturi ya ulezi. Nilikuwa napiga pasi. Ulisema watu wa Ireland ya kale walipeleka watoto wao kulelewa katika nyumba nyingine, si kwa sababu hawakuwapenda, na kwamba kulikuwa na ulezi wa malipo na ulezi wa mapenzi. Mtoto alifundishwa kazi za nyumba ile, na ndugu aliokula nao huko walimfia vitani. Muda ukiisha, hakuondoka hivi hivi. Mlezi alimpa zawadi ya kumrudisha kwao, na mtoto akabaki na wajibu. Mlezi akizeeka, yule aliyelelewa ndiye wa kumtunza. Ukaongeza, kama kawaida yako, kwamba sheria hizo ziliandikwa baadaye sana, wakati wa watawa, na haijulikani vizuri zilianza lini. Nikasema, "Sawa, sawa." Nikaunguza kola ya shati. Ulidhani ni usingizi.

Kwetu pia mtoto huenda kwa nyanya, kwa shangazi, kwa mjomba. Mimi mwenyewe nilikaa kwa mjomba miaka miwili nikichunga. Lakini tulikuwa na jina la kila mtu. Kwa Mama Furaha nilikosa jina kwa sababu si wa ukoo, si wa kabila, si wa nchi yetu, na badala ya kulitafuta nikamwacha akae bila jina.

Halafu kiharusi cha mwezi wa sita. Sihitaji kukuambia, ni wewe uliyempeleka hospitali. Mkono wa kushoto umelala, mguu unaburuta, na ngazi za pale hazipandiki tena. Jumapili ukasema huendi. Ukasema atapelekwa nyumba ya wazee ambako hakuna anayesikia Kiswahili chake, na wewe utakuwa Ireland unachimba vyungu vya watu waliokufa. Na mimi, ambaye ninafanya kazi katika nyumba kama hizo na ninajua saa ngapi kengele inalia bila mtu kuja, nikakuambia, "Yule si mama yako."

Hukupiga kelele. Ningependa ungepiga. Ulisema, "Then who is, Baba?" ukaenda kulala.

Nilikuwa naogopa. Niliogopa utaiacha nafasi uliyoipigania, kwa ajili yake, na nitakapougua mimi utafikiria mara mbili. Ni wivu, Tata. Mtu mzima wa miaka arobaini na tisa anamwonea wivu mwanamke mwenye mkono mmoja. Nakuambia hivyo kwa sababu wivu utakupata na wewe, na ukikupata utajiita busara.

Jana nilipotoka kazini sikurudi nyumbani. Nilikwenda Frogtown, nikapanda zile ngazi. Jirani yake alinifungulia. Mama alikuwa kwenye kiti, kile chuma chake cha kutembelea kiko kando kimetundikwa nguo, maana hakipendi. Nikaanza, "Mama, nimekuja..." Akanikata.

"Kula kwanza. Maneno haitakimbia."

Ulinisomea kwamba Waselti hawakumuuliza mgeni jina wala shida yake mpaka ashibe. Mama hajasoma hayo. Akamwambia jirani anipakulie bugali na sombe, nami nikala saa tatu asubuhi, baada ya shifti, nikiwa sina njaa. Nilikula yote.

Kisha nikamwambia. Nataka aje akae kwetu Oakdale, kuna chumba cha chini, bafu liko karibu, hakuna ngazi.

"Mutoto ndiye amekutuma?"

"Hajui. Hata hajui niko hapa."

"Basi ni huruma. Ile sitaki."

"Si huruma, Mama. Nilikuchukulia mtoto vibaya. Sikupanda kukuaga. Sikusema asante."

Alikuwa anaukanda mkono wake uliolala kwa ule mzima. "Ulipiga honi," akasema. "Mimi nilikuwa nimepika. Sombe, samaki, yote. Nikasema leo Papa Ombati atakaa chini tukule, nimupe mutoto baraka, aende muzuri. Nilikula ile sombe mimi peke yangu mupaka ikachacha."

Sikujua, Tata. Hukuniambia kwamba meza ilikuwa imeandaliwa, na ulikuwa mtoto, ungeniambiaje. Nililia mbele yake. Nakuandikia hivyo hivyo ilivyokuwa: nililia, na yeye akaniacha nilie, hakunibembeleza, akasubiri nimalize kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Kisha akasema, "Mu kanisa watasema umeoa bibi muzee."

"Waseme."

"Watasema sana." Akacheka upande mmoja wa mdomo. Halafu akawa mkali. "Unisikilize. Sitakuya kama mugonjwa yako. Ile kazi yako ya usiku uiache kule kule. Nitakuya kama mama ya ile nyumba. Mutu akitoka ananiaga, akirudi ananisalimia. Na yule mutoto aende. Asiharibu masomo juu ya mukono yangu."

Nikamwomba asikuambie mpaka nikuambie mimi. Akasema hana muda wa siri, lakini siku moja ataweza. Ndiyo maana leo ukirudi kutoka kwake utakuwa hujui kitu, labda umeshangaa tu kwa nini amechangamka.

Mchana huu ulipoondoka nilisimama mlangoni pa chumba chako. Nilimtaja baba yangu kwa jina lake, ambalo ndilo lako, nikamwomba radhi, kisha nikavua viatu nikaingia. Ni chumba kizuri. Una vitabu vingi kuliko nguo. Nilipima pale patakapokaa kitanda chenye vyuma vya pembeni, nikapima mlango, nikasogeza meza yako ukutani ili apate pa kupita. Kisha nikaketi kitandani mwako. Nilikaa kitambo, nikitazama dirisha unalolitazama kila siku. Hakuna kilichonipata.

Vitabu vyako nimevipanga kwenye masanduku, viko kwenye karakana, juu, mbali na maji. Jumamosi wavulana wa kanisani watanisaidia kumshusha Mama na vitu vyake. Nimeomba kazini wanipe shifti ya mchana, na jirani yake ameahidi kuja saa ambazo sipo. Mengine tutayaona, mimi na yeye, tutagombana juu ya chumvi na juu ya redio, na nitakuandikia nani ameshinda.

Ukifika huko na wakakuuliza juu ya desturi ya ulezi, usiseme tu uliyoyasoma.

Kesho mchana nitakupeleka uwanjani. Ukiwa bado unafikiria kuiacha ndege, fikiria na hili: usiku wa kesho utalala wapi? Sofa ni fupi kwako, na chumba kile nimeshampa mama yako.

Baba yako